Chembe ya Mungu: Jina Lililouza Kitabu na Kutuachia Deni

Mtaani ukibandikwa jina la utani ukiwa darasa la tatu, jua limekushika. Utaoa nalo, utazeeka nalo, na siku ukifa tangazo la mazishi litalichomeka katikati ya majina yako ya kitambulisho. Hakuna atakayekuuliza kama ulikuwa unalipenda.

Peter Higgs alifariki Edinburgh tarehe 8 Aprili 2024, akiwa na miaka 94. Habari zilipotoka kesho yake, vichwa vingi duniani vilimtambulisha kwa maneno yale yale: mwanasayansi wa "chembe ya Mungu". Mzee mwenyewe hakuwa anaamini Mungu. Jina hilo hakulitunga, hakulipenda, na alishasema kwamba linaweza kuwakwaza watu wa dini bure. Wapi! Lilimfuata mpaka kaburini.

Mimi riziki yangu ni video na maandishi ya mtandaoni, na nikiwa mkweli, nusu ya hiyo kazi ni kutafuta kichwa kitakachofanya msee asimamishe kidole asipite. Ndiyo maana hii stori imenishika. Twende nayo pole pole: kitu chenyewe ni nini, jina lilitoka wapi, watu walilipokeaje, na ni nani walilipia.

Turudi 1964. Wanafizikia walikuwa na swali linalosikika kama la mtoto: kwa nini chembe ndogo kabisa za dunia zina uzito? (Vitabu vya Kiswahili vinasema tungamo. Wengi wetu tunasema uzito, na leo tutaenda na huo.) Hesabu nzuri waliyokuwa nayo ilikuwa inasema baadhi ya chembe hizo zisiwe na uzito wowote, na ukiangalia dunia unaona kabisa kuna kitu kimekosekana kwenye hesabu.

Jibu lilitoka sehemu tatu ndani ya miezi michache. Agosti, Robert Brout na François Englert wa Brussels walichapisha lao. Higgs akafuata kutoka Edinburgh. Novemba wakaja Gerald Guralnik, Carl Hagen na Tom Kibble waliokuwa London. Wote walikuwa wanasema kitu kinachokaribiana: ulimwengu wote umejaa uga fulani usioonekana, na chembe hupata uzito kwa jinsi zinavyoshikana na huo uga.

Sasa kwa nini jina ni la Higgs peke yake? Hapa kuna kitu nakipenda. Makala yake ya pili mwaka huo ilikataliwa na jarida lililokuwa linahaririwa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia kule Geneva. Higgs akaongeza maelezo machache mwishoni, akaonyesha kwamba kama huo uga upo basi lazima pia kuwe na chembe mpya ya kutafutwa, halafu akaituma Marekani, ikakubaliwa. Yale maelezo ya kuongeza ndiyo yaliyomfanya ajulikane. Na bado mzee alikuwa anaona aibu kubeba sifa peke yake, hadi akatania kwamba nadharia hiyo iitwe kwa herufi za majina ya wote waliohusika, kitu kama ABEGHHK'tH. Jaribu kuweka hiyo kwenye kichwa cha video.

Halafu ikaja 1993, na manze huo mwaka una mambo.

Uingereza, waziri wa sayansi William Waldegrave aliwaambia wanafizikia hivi: nyinyi mnaomba pesa ya kutafuta kitu ambacho sisi hatuelewi. Mtakayenielezea kwa karatasi moja nitampa chupa ya shampeni. Mmoja wa washindi, David Miller wa University College London, alitumia mfano wa Margaret Thatcher. Ukumbi umejaa wanachama wa chama chake, wamesambaa sawasawa. Mtu asiyejulikana akiingia, anapita tu mpaka upande wa pili. Thatcher akiingia, watu wanamkusanyikia kila hatua, kwa hivyo kumsukuma ni kazi na kumsimamisha ni kazi. Amekuwa "mzito".

Ilete Gikomba. Mimi nikipita pale kati ya mitumba, nitafika ng'ambo bila shida. Mheshimiwa akiingia na msafara wake wakati wa kampeni, kila hatua ni mkono wa kusalimia na mtu mwenye shida ya karo. Soko ni lile lile na njia ni ile ile, lakini yeye ana uzito ambao mimi sina. Ule umati ndio uga wa Higgs.

Mwaka huo huo Marekani, mwanafizikia Leon Lederman, mshindi wa Nobel ya 1988, alitoa kitabu pamoja na mwandishi Dick Teresi. Wakakiita The God Particle. Lederman mwenyewe alisimulia kwa mzaha jinsi jina lilivyopatikana: alitaka kuiita kwa tusi, lile Waingereza wanatoa wakijigonga kidole cha mguu, ambalo ndani yake kuna jina la Mungu. Kwa Kiswahili tungesema kitu kama "chembe mlaaniwa", kwa sababu ilikuwa imewasumbua, imewala pesa, na bado haionekani. Mchapishaji akakataa tusi. Wakakata nyuma, wakabaki na Mungu.

Lederman hakuwa anacheza tu. Alikuwa mmoja wa wapiga debe wakubwa wa mashine iliyokuwa inajengwa Texas, duara la chini ya ardhi la kilomita 87 ambalo lingeitafuta hiyo chembe. Alihitaji walipa kodi wa Marekani wajali. Kitabu kikatoka, jina likavuma, na Oktoba 1993 bunge la Marekani likafuta mradi. Karibu dola bilioni 2 zilikuwa zimeshatumika na kama kilomita 23 za handaki zimeshachimbwa. Shimo limebaki Texas mpaka leo. Jina halikuokoa hata kilomita moja, lakini lenyewe lilikuwa limeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka 2009 gazeti la Guardian lilifanya shindano la kutafuta jina mbadala. Lililoshinda ni "bosoni ya chupa ya shampeni", kwa sababu hesabu yake ukiichora inafanana na kitako cha chupa hiyo. Umewahi kulisikia? Ndiyo maana yangu.

Sasa tuje 2012. Wakati Texas walifunga, CERN walijenga. Mashine inaitwa LHC, duara la kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, kama mita 100 chini ya ardhi. Jumatano tarehe 4 Julai 2012 watu walikuwa wamelala nje ya ukumbi ili wapate viti. Vikundi viwili vilivyofanya kazi mbali mbali, ATLAS na CMS, vilisimama kimoja baada ya kingine na vyote vikaonyesha chembe mpya pale pale, yenye uzito wa zaidi ya protoni 130. Kipimo chao cha uhakika kilikuwa hivi: kama hakuna chembe yoyote, uwezekano wa takwimu kukudanganya kiasi hicho ni kama 1 kwa milioni 3.5. Mkurugenzi Rolf Heuer akasema nadhani tumeipata. Kamera zikamnasa Higgs, miaka 83, akipangusa machozi. Brout hakuwepo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Wasee wa Twitter walifanya nini? Walicheka mwandiko. Fabiola Gianotti, mama aliyeongoza ATLAS, alikuwa ameandika kurasa zake kwa Comic Sans, ile fonti ya kadi za mwaliko wa bathdei. Ugunduzi wa miaka 48 umetoka na watu wanabishana kuhusu fonti. Stephen Hawking naye alitangaza kwamba amepoteza dola 100, kwa sababu alikuwa ameweka dau na Gordon Kane kwamba haitapatikana.

Lakini mjadala mkubwa ulikuwa ule jina lilikuwa limeuandaa tangu 1993. Je, wamethibitisha Mungu yupo? Je, wamethibitisha hayupo? Watu waliuliza hivyo kwenye redio, kwenye magazeti, makanisani. Ikabidi mpaka Guy Consolmagno, Mjesuti wa kituo cha Vatican cha kuangalia nyota, aeleze kwamba jina ni mzaha. Fikiria hiyo: mtawa na mkana Mungu wa Edinburgh wako upande mmoja, wote wanawaambia watu waachane na hilo jina.

Kwetu mambo yalikuwa mabaya zaidi, na nalaumu sarufi. Kiingereza kinaweka maneno mawili kando kwa kando, hakisemi uhusiano wao ni upi. Kiswahili hakikuruhusu kukwepa. Lazima uweke kiunganishi, kwa hivyo ikawa "chembe ya Mungu". Sasa sikiliza hiyo "ya" na masikio ya mtu wa hapa. Nyumba ya Mungu. Neno la Mungu. Mtu wa Mungu. Kila kitu kwenye hiyo safu ni kitakatifu, ni mali yake, au kimetoka kwake. Tusi la Lederman lilipotea njiani, na mzaha ukafika kwetu ukiwa umevaa kanzu.

Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka redio ikisema wazungu wamepata chembe ya Mungu, na nyanya yangu akauliza bila hata kuinua macho kutoka kwa mboga, "Kwani walikuwa wamempoteza?" Wakubwa wakacheka, redio ikaendelea, na hakuna mtu ndani ya ile nyumba aliyejua kwamba habari ilikuwa ni kwa nini vitu vina uzito. Watu walilijibu jina. Habari yenyewe haikuwafikia.

Hicho ndicho namaanisha nikisema deni. Jina tamu linavuta macho, lakini macho ya watu yana mwisho. Yakiangalia hapa, kuna mahali hayaangalii. Hebu tuone yaliacha nani.

Wa kwanza yuko ndani ya jina rasmi kabisa. Higgs boson. Hiyo boson imetoka kwa Satyendra Nath Bose, aliyezaliwa Kolkata. Mwaka 1924 alikuwa mwalimu wa chuo Dhaka, akamwandikia Albert Einstein barua akiambatanisha makala. Einstein akaitafsiri kwa Kijerumani na kuisukuma ichapishwe. Kundi zima la chembe likaja kuitwa bosoni kwa heshima yake. Nobel hakupata. Mwaka 2012 Wahindi wengi waliuliza kwa uchungu kwa nini H ya Higgs inaandikwa kwa herufi kubwa na b ya Bose inaandikwa ndogo kama b ya bakuli. Ni swali halali. Mzungu kabaki jina la mtu, Mhindi kawa aina ya kitu.

Wa pili ni Abdus Salam wa Pakistan. Alitumia hilo wazo la 1964 kuonyesha kwamba nguvu mbili za maumbile kwa kina ni moja, na akapata Nobel ya 1979 pamoja na Steven Weinberg na Sheldon Glashow. Lakini Salam alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, na mwaka 1974 katiba ya Pakistan ilibadilishwa kusema Waahmadiyya si Waislamu. Alipozikwa Rabwah mwaka 1996, jiwe la kaburi liliandikwa kwamba ndiye Mwislamu wa kwanza kupata Nobel. Neno "Mwislamu" likafutwa. Jiwe likabaki na sentensi isiyo na maana. Mwaka 2012 dunia ilipokuwa inasherehekea chembe iliyokamilisha kazi yake, waandishi wa habari walikumbushana kwamba nyumbani kwake vitabu vya shule vinampita kimya.

Huyu Salam anatuhusu. Mwaka 1964, ule ule wa Higgs, alianzisha kituo kule Trieste, Italia, ili wanafizikia wa nchi maskini wapate mahali pa kusomea bila kuhama kwao milele. Watafiti wengi wa Afrika wamepitia pale. Tawi lake la Afrika Mashariki liko Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu 2018. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa sababu za karo ambazo wengi wenu mnazijua, kwa hivyo mtu aliyejenga mlango wa wasiokuwa na pesa namheshimu sana. Uliza watu kumi kama wamesikia chembe ya Mungu, halafu waulize kama wamesikia Abdus Salam.

Wa tatu hawana idadi ya kutaja kwa pumzi moja. Mwaka 2015 ATLAS na CMS walitoa makala ya pamoja ya kupima uzito wa hiyo chembe. Ilikuwa na waandishi 5,154. Kurasa 9 za makala, na kurasa 24 za majina yao na vyuo vyao. Fundi wa sumaku, mwanafunzi wa zamu ya usiku, mtu wa kompyuta, wote wamo. Jina "chembe ya Mungu" linakupa picha kwamba kitu kilishuka kutoka juu. Kilichimbwa, kikachomelewa, kikavunjika, kikatengenezwa. Mashine yenyewe iliharibika Septemba 2008, siku tisa tu baada ya kuwashwa, ikakaa zaidi ya mwaka ikitengenezwa.

Na kitu cha mwisho kilichofichwa ni sayansi. Watu walisikia kwamba chembe hii ndiyo inayotoa uzito wa kila kitu. Hapana. Ukipima kilo mbili ya unga, sehemu kubwa mno ya huo uzito inatokana na nguvu inayofunga kwaki ndani ya protoni na nutroni. Uga wa Higgs unachangia kama asilimia moja hivi. Lakini ndio unaoipa elektroni uzito, na elektroni isingekuwa na uzito kusingekuwa na atomu, na bila atomu hakuna unga wala sufuria. Asilimia moja inayoshikilia kila kitu kingine. Mimi naona hiyo ni tamu kuliko jina lolote, na haikuwahi kutrendi.

Halafu kuna hofu. LHC ilipowashwa tarehe 10 Septemba 2008, watu walikuwa wameshaenda kortini Hawaii wakisema itazaa shimo jeusi limeze dunia. Wanafizikia wakajibu kwamba miale kutoka angani inaigonga dunia kwa nguvu kubwa kuliko hiyo kwa mabilioni ya miaka na bado tuko. Kesi ikatupwa, hofu ikabaki. Ukishawaambia watu kwamba kuna mashine inatafuta kitu cha Mungu, usishangae wengine wakiuliza kama mashine yenyewe ni ya shetani. Wakaona 666 kwenye nembo ya CERN. Wakaona sanamu ya Shiva, ambayo ilikuwa zawadi ya India ya mwaka 2004, wakasema mnaona. Tarehe 5 Julai 2022 LHC iliporudi kazini kwa nguvu mpya, TikTok ilijaa video za mlango wa kuzimu. Tarehe 8 Aprili 2024, jua lilipopatwa Marekani, uvumi ulikuwa kwamba CERN wanafungua lango siku hiyo. Ni siku ile ile Higgs alifariki, kimya kimya, nyumbani kwake.

Kinachonimaliza ni hiki. Hizo video zote zinasafiri juu ya wavuti, na wavuti ulibuniwa CERN na Tim Berners-Lee mwaka 1989. Tarehe 30 Aprili 1993, ndiyo, 1993 tena, CERN walitoa programu yake bure kwa dunia nzima bila kudai hata senti. Mimi ninakula kwa sababu ya hiyo siku. Anayetengeneza video ya CERN na mashetani pia anakula kwa sababu ya hiyo siku. Zawadi kubwa zaidi ya ile maabara haina jina la utani, na pengine ndiyo maana hatuikumbuki.

Kuna watakaonijibu hapa chini kwamba bila hilo jina hakuna mtu angejali, hata mimi nisingeandika. Naelewa. Mimi si wa kuhubiri dhidi ya vichwa vitamu, ningekuwa nimelala njaa. Lakini angalia rekodi. Jina halikuokoa Texas. LHC ilijengwa na nchi wanachama zilizolipa michango yao mwaka baada ya mwaka, kazi ya kuchosha isiyo na mvuto. Kilichowafanya watu walale nje ya ukumbi ni matokeo.

Kipimo changu ni rahisi. Watu wengi watasoma kichwa peke yake na kuendelea na maisha yao. Hiyo haibadiliki, bando ni ghali. Basi jiulize: mtu akisoma kichwa tu, ataondoka na ukweli mdogo au uongo mkubwa? Mfano wa Thatcher ukumbini ulipita. Ulikuwa mwepesi, wa kuchekesha, na aliyeusikia nusu aliondoka na nusu ya ukweli. "Chembe ya Mungu" ilianguka. Aliyesikia maneno hayo matatu peke yake aliondoka na ugomvi ambao fizikia haikuwa nao na dini haikuuhitaji.

Na nyinyi mnaofanya kazi kama yangu, mkitaka kutengeneza kitu kuhusu hii stori, nawapa cha bure: mzee wa Dhaka na barua yake kwa Einstein, au jiwe la kaburi lililofutwa neno moja. Hizo ziko pale, hazina mwenyewe, na hazihitaji kuongezwa chumvi. Nipe maoni yako hapa chini, hasa kama una jina bora la Kiswahili la hiyo chembe. Masharti ni mawili tu: nyanya yangu alielewe, na lisimguse Mungu.